Darubini Isiyotazama Mbali: Uteuzi na Ufungaji wa Kilengeo cha Raifo katika Udhibiti wa Tembo Waharibifu, Busawe, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua na kufunga darubini ya raifo kwa kazi moja mahususi, yaani udhibiti wa tembo wanaoingia mashambani katika eneo la Busawe, mkoani Mara. Inajengwa hoja kwamba umbali mfupi, mwanga hafifu na teke kubwa la bunduki ni masharti yanayodai darubini yenye ukuzaji mdogo iliyofungwa kwa uimara, kinyume na dhana iliyozoeleka kuwa darubini bora ni ile inayovuta mbali zaidi. Sehemu kubwa ya makala inahusu ufungaji, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi hutokea na ndiko yanakoonekana kwa uchache zaidi.

Maneno muhimu: darubini, kilengeo, ukuzaji, teke, tembo, Busawe

1.0 Utangulizi

Neno darubini limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambamo sehemu zake mbili zina maana ya mbali na kuona. Asili hiyo imeacha alama katika fikra za watumiaji wa kifaa chenyewe. Anayenunua darubini ya bunduki huuliza kwanza inavuta mara ngapi, na muuzaji humjibu kwa fahari kwamba inavuta mara 10, mara 16, au hata zaidi. Swali hilo lina mantiki kwa mlengaji anayekabili shabaha iliyo mita 400 kwenye uwanda mweupe. Kwa askari wa wanyamapori anayesimama usiku pembezoni mwa shamba la mahindi, swali hilo si sahihi, na jibu lake linaweza kumgharimu uhai.

Eneo la Busawe limo katika wilaya ya Serengeti. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wangoreme na Wakurya, wanaolima mahindi, mtama, ulezi na mihogo. Upande wa mashariki na kusini wa nchi hiyo ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pamoja na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994. Mipaka ya hifadhi hizi kwa sehemu kubwa haina uzio, na tembo hana sababu ya kuitambua. Mazao yanapokaribia kukomaa, huvuka wakati wa machweo, hula usiku na kurejea porini kabla ya mapambazuko. Tanzania ina kanuni za mwaka 2011 kuhusu malipo kwa waathirika wa wanyama hatari. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho na ya mtu aliyeuawa huitwa kifuta machozi. Majina hayo mawili yanaeleza uzito wa jambo linalojadiliwa kuliko takwimu yoyote.

2.0 Kazi Hutangulia Kifaa

Ni muhimu kubainisha tangu mwanzo kwamba risasi si kinga ya kwanza ya shamba. Wanavijiji hutumia kelele za madebe, tochi zenye mwanga mkali, moto, kamba zilizopakwa pilipili na mizinga ya nyuki. Kumuua tembo ni hatua ya mwisho, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 suala hilo ni la mamlaka: askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au ofisa wanyamapori wa wilaya. Umiliki wa silaha yenyewe unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwa hiyo mtumiaji anayezungumziwa hapa ni mtumishi wa umma aliyepewa raifo ya kaliba kubwa, kwa kawaida .375 au .458, na anayetakiwa kummaliza mnyama aliyekwisha kuwa tishio.

Hofu kuu katika kazi hiyo ni risasi inayojeruhi. Ubongo wa tembo umewekwa nyuma sana ndani ya fuvu, umezungukwa na mifupa minene yenye vyumba vingi vya hewa kama sega la nyuki. Mnyama anapoinua au kuinamisha kichwa, mahali pa kulenga hubadilika. Risasi iliyokosea kwa upana wa kiganja humwacha tembo akiwa hai, mwenye maumivu na hasira, katikati ya makazi ya watu, na asubuhi watoto wanapita njia hiyo hiyo kwenda shule.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, kwa nini darubini itumike, ilhali raifo ina vilengeo vya chuma? Sababu ni jicho. Mwenye kutumia vilengeo vya chuma anatakiwa kuoanisha vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na mnyama. Jicho haliwezi kuviona vyote kwa uwazi kwa wakati mmoja, na uwezo huo hupungua zaidi kwa askari aliyevuka miaka 40. Darubini huweka mnyama na alama ya kulengea katika sura moja. Faida yake ya kwanza, basi, ni kuunganisha. Kukuza kunafuata nyuma.

3.0 Ukuzaji, Upana wa Uoni na Mwanga

Hesabu ndogo inatosha kuonesha tatizo la ukuzaji mkubwa. Darubini ya ukuzaji wa mara 4 huonesha duara la takriban mita 9 hadi 10 katika umbali wa mita 100. Katika umbali wa mita 20, duara hilo hubaki chini ya mita 2. Darubini ya mara 10, ambayo huonesha mita 4 hivi kwa mita 100, katika mita 20 huonesha sentimita 80 tu. Tembo dume aliyekomaa hufikia kimo cha mita 3 begani. Askari anayemtazama kwa darubini ya mara 10 akiwa mita 20 haoni tembo. Anaona ngozi ya kijivu iliyojaa kioo kizima, asijue kama ni bega, tumbo au paja. Darubini ileile ikiwa inaweza kushushwa hadi mara 1, duara lake huwa la mita 6 au zaidi katika umbali huo. Kichwa, masikio na mwelekeo wa mnyama huonekana kwa pamoja, na jicho la pili linaweza kubaki wazi likiwatazama wengine katika kundi. Suala hilo la jicho la pili halipewi nafasi ya kutosha katika mafunzo, ingawa tembo jike ni nadra kuingia shambani peke yake.

Mwanga nao una hesabu yake. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya nyuma huunda duara dogo, na kipenyo cha duara hilo hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 katika ukuzaji wa mara 10 hutoa duara la milimita 4. Lenzi ndogo ya milimita 24 katika ukuzaji wa mara 4 hutoa milimita 6. Mboni ya jicho la kijana hutanuka gizani hadi kufikia milimita 7 hivi, ya mtu mzima milimita 5. Kwa hiyo darubini ndogo iliyowekwa kwenye ukuzaji mdogo hujaza jicho kwa mwanga machweoni, wakati darubini kubwa iliyovutwa hadi mwisho hufifisha sura. Wanaoamini kwamba kioo kikubwa daima huona vizuri zaidi gizani husahau upande wa pili wa mgawanyo huo.

Kigezo cha tatu ni nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma ambapo sura yote huonekana. Raifo ya .375 H&H Magnum, risasi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1912, hurusha kipande cha gramu 19.4 kwa kasi inayozidi mita 760 kwa sekunde, na teke lake ni zaidi ya mara mbili ya raifo ya kawaida ya .308. Teke la .458 ni kubwa zaidi ya hapo. Darubini yenye nafasi ya jicho ya milimita 70 huigonga nyusi na kuichana. Milimita 90 ndicho kiwango cha chini kinachofaa, na milimita 100 ni bora zaidi. Askari aliyewahi kuchanwa nyusi hufumba macho kabla ya kufyatua, na kasoro hiyo haiondolewi kwa ununuzi wa kioo cha bei kubwa.

Kilengeo cha nukta nyekundu hutatua mengi ya matatizo haya. Hakina ukuzaji, hakina sharti la nafasi ya jicho, na nukta yake hata ikiwa pana hufunika sentimita 2 hivi tu katika mita 20. Udhaifu wake ni betri, pamoja na mwanga wa nukta usioshushwa usiku, ambao hulitia jicho upofu. Kwa umbali ulioelezwa hapa kinaweza kulingana na darubini ya mara 1 hadi 4. Palipo na mpangilio mzuri wa kubadilisha betri, hakuna sababu ya kukikataa.

4.0 Ufungaji

Darubini bora iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na darubini, kwa sababu humpa askari uhakika wa uongo. Bunduki inaporudi nyuma kwa ghafla, darubini yenye gramu 500 huelekea kubaki ilipokuwa. Nguvu yote ya kuilazimisha irudi pamoja na bunduki hupita katika skrubu chache. Raifo nyingi hutobolewa kwa ajili ya skrubu zenye kipenyo cha milimita 3.5 hivi. Kwa kaliba kubwa mafundi wengi hupendelea za milimita 4.2, au raifo ambayo vikalio vyake vimechongwa katika chuma cha bunduki yenyewe, kama ilivyo kwa CZ 550 Magnum ya Jamhuri ya Cheki. Uzito wa darubini kwa hiyo ni sehemu ya uteuzi: kila gramu inayoongezwa juu huongeza mzigo wa skrubu.

Kazi huanza kwa kuthibitisha kwamba chemba haina risasi, kisha kufuta mafuta yote katika nyuso zinazogusana. Mafuta kidogo chini ya kikalio yanatosha kukifanya kitembee. Kikalio hukazwa kwanza na pete za chini huwekwa. Darubini hulazwa ndani yake bila kulazimishwa, kwani ikihitaji kusukumwa, pete hazijanyooka, na kukaza skrubu kutapinda bomba la aluminiamu. Pete zinapaswa kuwa za chini kadiri lenzi ya mbele inavyoruhusu. Vitako vya raifo za kale vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma. Darubini iliyoinuliwa mno hulifanya shavu liachane na kitako, na teke hukikuta kichwa kikielea.

Nafasi ya jicho hupimwa mlengaji akiwa amesimama, amevaa koti lake la doria, amefumba macho na kuinua bunduki begani. Anapofumbua, sura iwe imejaa bila kivuli pembeni. Wanaopima wakiwa wameketi mezani huisogeza darubini karibu mno. Baada ya hapo msalaba wa kulengea hunyooshwa kwa pimamaji, kifaa ambacho kila fundi mwashi kijijini anacho, na skrubu za pete hukazwa kwa kupokezana, kidogo kidogo, hadi nafasi za pande mbili zilingane. Kipimo cha kawaida kwa pete ni newtonimita 2 hivi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko mkono unavyodhani, na kosa linalozoeleka ni kukaza kupita kiasi hadi bomba likabonyea. Mstari mwembamba wa rangi unaopigwa kati ya pete na bomba utaonesha baadaye kama kuna kilichotembea.

Vilengeo vya chuma visiondolewe. Pete zinazofunguka kwa wenzo, bila spana, humwezesha askari kuitoa darubini lenzi inapotapakaa matope au kupasuka, na kuendelea na kazi kwa chuma.

5.0 Kusahihisha Shabaha

Risasi za kaliba hizi ni ghali, hivyo usahihishaji wa kwanza hufanywa bila kufyatua. Komeo hutolewa, raifo hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, na jicho hutazama kupitia ndani ya mtutu hadi shabaha iliyo mita 25 ionekane katikati. Bila kuitikisa bunduki, msalaba huzungushwa hadi uangukie shabaha hiyo. Baada ya hapo hupigwa risasi tatu kwa mita 50. Katika darubini nyingi mlio mmoja wa kizungushio huhamisha pigo kwa milimita 7.3 katika mita 100, sawa na milimita 3.6 katika mita 50. Ikiwa kituo cha matundu matatu kiko sentimita 12 chini, milio 33 kwenda juu inahitajika. Kituo cha matundu ndicho kinachopimwa. Anayefuata kila tundu kwa marekebisho mapya humaliza sanduku la risasi bila kufika popote.

Jambo moja huwashangaza hata walengaji wazoefu. Katikati ya darubini iko takriban milimita 40 juu ya mtutu. Raifo iliyosahihishwa kwa mita 50, ikifyatuliwa kwa tembo aliye mita 10, itapiga takriban sentimita 3 chini ya msalaba. Darubini iliyoinuliwa kwa pete ndefu huongeza kasoro hiyo, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kupendelea pete fupi.

Usahihi unaopatikana uwanjani haudumu wenyewe. Raifo husafirishwa ndani ya gari la doria au mgongoni mwa abiria wa pikipiki, katika barabara za changarawe, na mtikisiko hulegeza kile ambacho teke halikuweza kulegeza. Mstari wa rangi hukaguliwa kabla ya kutoka, lenzi hupulizwa vumbi kabla ya kufutwa, na ukuzaji hurudishwa kwenye mara 1. Bunduki ikianguka, hata kama haina mkwaruzo, risasi moja hupigwa kwenye ukingo wa udongo wenye shabaha ya karatasi kabla ya kuingia shambani. Pasipo na nafasi ya kufanya hivyo, darubini hutolewa na askari huingia na vilengeo vya chuma.