Udhuru na Kisingizio

Ndugu msomaji, tuseme ilikuwa zamu yako ya kusafisha mfereji wa maji. Hukwenda. Wenzako wanakuuliza sababu. Je, utatoa udhuru au kisingizio?

Udhuru ni sababu ya kweli inayomzuia mtu kutimiza wajibu wake. Mtoto wako aliugua usiku, ukampeleka zahanati. Huo ni udhuru. Mtu mwenye udhuru husema, "Nimepata udhuru." Akiweza, hutoa habari mapema.

Kisingizio ni sababu ya uongo. Ulilala tu, kisha unasema mpini wa jembe ulivunjika. Hicho ni kisingizio.

Neno kisingizio limetokana na neno singizia. Kumsingizia mtu ni kumtwika kosa ambalo hakulifanya. Hapo ndipo penye hatari. Leo umesingizia jembe, na jembe halina mdomo. Kesho utasema, "Mjumbe hakunipa habari," kumbe alikupa. Sasa umemsingizia binadamu. Mjumbe atalaumiwa mbele ya mkutano kwa kosa lako.

Tena, watu wakizoea visingizio vyako, siku utakayopata udhuru wa kweli nani atakuamini?

Kama umekosa, sema hivi: "Samahani, nimekosa. Kesho nitasafisha sehemu yangu." Kisha nenda ukaisafishe.

Maswali
1. Udhuru na kisingizio vina tofauti gani?
2. Kumsingizia mtu ni kufanya nini?
3. Andika sentensi moja yenye neno udhuru.