Jeraha la kichwa: mwanga unavyosaidia kupima mishipa ya damu

Mtu aliyeanguka na bodaboda Kondele, au kuteleza kwenye mashua ufuoni Dunga, anaweza kuinuka na kuzungumza vizuri, kumbe mshipa wa damu umepasuka ndani ya kichwa.

Vipo vifaa vinavyopima hali hiyo bila upasuaji, kwa mwanga usioonekana kwa macho. Vinafanya kazi kama kile kinachobanwa kidoleni hospitalini: damu hufyonza mwanga, na yenye oksijeni huufyonza tofauti na isiyo nayo. Upande mmoja wa kichwa ukifyonza zaidi ya mwingine, huenda damu imevuja. Oksijeni ikipungua, huenda mishipa haipitishi damu ya kutosha.

Hata hivyo, mwanga huo haufiki ndani sana ya ubongo. Kipimo cha kuthibitisha ni CT scan.

Mwananchi, usingoje. Mpeleke majeruhi hospitalini mara moja akipoteza fahamu, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akishikwa na degedege, maumivu yakizidi au mboni za macho zikitofautiana kwa ukubwa. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Usimpe aspirini, kwani huweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Ukipanda bodaboda, vaa helmeti. Sheria inamtaka dereva na abiria wote wavae.