Je, Wajua? Namba za Nyumba Venice

Mji wa kale wa Venice, Italia, una mitaa mikuu sita: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hufuata mtaa mzima, si kichochoro kimoja kimoja. Za Castello hupita 6,000, na kuitafuta nyumba humtoa mgeni jasho. Tena magari hayaingii katikati ya mji. Mabasi huishia Piazzale Roma, Santa Croce, na treni hufika kituo cha Santa Lucia, Cannaregio. Mwenye sanduku zito afadhali alale karibu na hapo, maana madaraja mengi ni ya ngazi. Kulala San Marco ni ghali, na mtaa hujaa watu. Mestre, upande wa bara, ni nafuu. Kutoka huko hadi Santa Lucia kwa treni ni dakika kama 10.