Gugumaji, Mgeni wa Nyabarongo Asiyeaga

Ua lake ni la zambarau hafifu, na majani yake hung'aa mithili ya yaliyopakwa mafuta. Haishangazi kwamba watu walilitoa Amerika ya Kusini wakalipanda katika vidimbwi vya bustani zao. Rwanda nayo ililipokea zama za ukoloni, likashuka na maji hadi mto Nyabarongo, uupitao mji wa Kigali upande wa magharibi na kusini. Kutoka hapo mto Akagera ukalichukua hadi Ziwa Viktoria, ambako lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetanda hekta zipatazo 17,000 za ziwa hilo, na wavuvi wakakosa njia ya kutokea.

Kinachotesa ni uzazi wake. Eneo lililofunikwa laweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili, na mbegu zaweza kulala topeni miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo wang'oao kwa mikono siku ya umuganda, hata wakiwa kikosi kizima cha askari, wasidhani kazi imekwisha wanawapo miguu. Gugu likiachwa ukingoni, mvua hulirudisha mtoni. Libebwe mbali, likauke, ligeuzwe mboji.

Wapo pia fukusi, jamaa ya wale watoboao mahindi yetu ghalani, ila hawa hula gugumaji tu. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995, Rwanda ikafuata mwaka 2000. Wamesaidia sana, lakini kazi yao ni ya polepole.

Nalo gugu hula nini? Hula mbolea: ile isombwayo na mvua mashambani, udongo wa milimani, na maji machafu ya majumbani. Maji yamwagwayo uani Kimisagara hushuka kijito cha Mpazi, yakaingia Nyabugogo, kisha Nyabarongo. Tukiendelea kulilisha, fukusi na mikono havitalishinda.

Basi maji ya kufulia yamwagwe katika shimo lenye mawe, si mferejini. Samadi ifunikwe kabla ya masika. Mteremko ulio wazi nyuma ya nyumba upandwe majani ya ng'ombe, yashike udongo. Na mwenye kufuga samaki wa mapambo, asafishapo tangi lake, mimea aitoayo aifukie shimoni. Asiitupe mtaroni hata ikiwa imenyauka.