Alibakwa akiwa na miaka 12, sasa ana 20: Je, bado anaweza kudai fidia?

Geita. Chukulia binti aliyekuwa na miaka 12 wakati mama yake akiuza chakula kwa wachimbaji pale Katoro. Jirani mmoja, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, akambaka. Wazee wakakaa, wakaletewa ng'ombe wawili na pesa kidogo, karatasi ikasainiwa kwa dole gumba, maisha yakaendelea.

Leo ana miaka 20, ni fundi cherehani Geita mjini. Yule jirani anamwona akipita na gari yake. Anajiuliza kama bado kuna anachoweza kudai.

Kipo. Ila kwa njia moja kati ya mbili alizonazo, muda wake unaisha siku atakapotimiza miaka 21, na watu wengi wanaopitia hali kama yake wanakuja kulijua hilo wakiwa wameshachelewa.

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini mazingira yake yanajulikana. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini, Geita ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyotembelewa, na ikaeleza kuwa wasichana wanaoishi au kufanya kazi machimboni wanakutana na unyanyasaji wa kingono.

Mlango wa kwanza: kesi ya jinai

Hii ndiyo njia inayofahamika zaidi. Mtu anashtakiwa, akikutwa na hatia ya kubaka anafungwa maisha au si chini ya miaka 30. Watu wakishasikia "miaka 30" wanashangilia na kwenda nyumbani.

Kumbe hukumu ina sehemu nyingine. Kanuni ya Adhabu, tangu ilipobadilishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema mbakaji pamoja na kifungo ataamriwa kumlipa fidia aliyembaka, kwa kiasi ambacho mahakama itaona kinafaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo, kwenye kifungo ambacho wanasheria wamekijua kwa miaka mingi kama 348A, inaitaka mahakama itoe amri ya fidia kwa kosa lolote la kujamiiana. Kwa hiyo hata mvulana aliyelawitiwa anahusika, ingawa wavulana ndio wanaosahaulika zaidi kwenye mazungumzo haya.

Angalia neno lililotumika hapo. Sheria haijasema mahakama "inaweza" kuamuru. Imesema itaamuru. Kiasi pia hakikutajwa. Kinatakiwa kilingane na kile ambacho manusura angepata kama angefungua kesi ya madai.

Sasa hakimu atajuaje hasara ni kiasi gani kama hakuna aliyemwambia? Hapo ndipo mambo yanapokwamia. Anayesimama mahakamani upande wa mtoto ni mwendesha mashtaka wa Serikali, na huduma yake ni bure. Mzazi au ndugu ana haki ya kumfuata kabla ya hukumu na kumpa maelezo: mtoto alilazwa, aliacha shule, tulimhamisha kwa shangazi yake, nauli na dawa ziligharimu kiasi hiki, risiti hizi hapa. Bila hivyo fidia inaweza kutajwa juu juu, au isitajwe kabisa.

Hukumu ikitoka bila neno lolote la fidia, bado si mwisho. Mwendesha mashtaka anaweza kulipeleka suala hilo juu, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuita jalada la mahakama ya chini na kurekebisha kilichokosewa. Siku hizi Mahakama Kuu ina masjala ndogo Geita, hivyo si lazima tena kupanda basi hadi Mwanza.

Kosa la kubaka halina ukomo wa muda wa kushtakiwa. Hata baada ya miaka minane, binti wa mfano wetu anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi na kufungua jalada. Ugumu unakuja kwenye ushahidi. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kuwa shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na kwamba kuchelewa kunahitaji maelezo. Maelezo yapo: alikuwa mtoto, na wakubwa ndio waliofunga mjadala. Ayaseme tangu siku ya kwanza anapoandikisha maelezo polisi.

Cha kumtia moyo ni kwamba mahakama hiyo hiyo, kwenye uamuzi wa mwaka 2006 unaorejewa hadi leo, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Hahitaji shahidi aliyeona kwa macho.

Kosa dogo linaloangusha kesi kubwa

Kwa watoto ambao kesi zao zipo mahakamani sasa, kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Tangu sheria ya ushahidi ibadilishwe mwaka 2016, mtoto mwenye miaka 14 au chini ya hapo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kuiambia mahakama ukweli na si uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Ni sentensi moja tu. Wapo watu waliofungwa kwa kubaka watoto wakaachiwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu sentensi hiyo haikuonekana kwenye jalada na ushahidi mwingine haukutosha. Hukumu ikifutwa, fidia nayo inaondoka.

Kesi nyingine huanguka kwenye umri. Kudai tu kuwa "alikuwa mtoto" hakutoshi, lazima mtu athibitishe miaka yake. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rekodi za shule au ushahidi wa mzazi vinakubalika. Machimboni, ambako familia huhama kutoka Nyarugusu kwenda Rwamgasa kila dhahabu inapohama, karatasi hizi ndizo za kwanza kupotea. Zipige picha, zihifadhi kwenye simu.

Wazazi wengine wanaogopa mtoto ataaibishwa mbele ya watu. Sheria inataka ushahidi kwenye makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha. Kama chumba kina watu wasiohusika, mwambie mwendesha mashtaka awaombe watoke.

Mlango wa pili: kesi ya madai

Njia hii huzungumzwa kwa nadra, na ndiyo yenye saa inayokimbia.

Kesi ya madai ni manusura kumshtaki mhusika ili alipe, bila kujali kama amefungwa au la. Kwa madhara ya aina hii, Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu. Lakini mtu akiwa mtoto, saa hiyo haianzi kuhesabu hadi afikishe miaka 18. Ndiyo maana mwisho ni miaka 21. Akichelewa, mahakama haina uwezo wa kumwongezea muda wa kufungua kesi. Waziri mwenye dhamana ya sheria pekee ndiye anayeweza, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali, yaani mwaka mmoja na nusu. Ni mlango mwembamba, si wa kutegemea.

Ambaye bado hajafika miaka 18 hana haja ya kusubiri. Anafungua kesi kupitia mtu mzima anayemwakilisha, mzazi au mlezi. Na mwakilishi huyo haruhusiwi kupokea pesa za mtoto bila kibali cha mahakama. Hii ni tofauti kubwa na wale ng'ombe wawili walioishia kwenye zizi la babu.

Faida nyingine ya njia hii ni kiwango cha ushahidi. Kwenye jinai, kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Kwenye madai, inatosha kuonyesha kuwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa tukio lilitokea kuliko kutotokea. Na kama mhusika alishafungwa, na rufaa zimekwisha au muda wa kukata rufaa umepita, sheria ya ushahidi inasema hukumu ile ni uthibitisho kamili kuwa alitenda. Kesi ya madai inabaki kubishania kiasi tu.

Kenya kuna mfano mzuri. Mei 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa wasichana wawili jumla ya Sh5 milioni za Kenya baada ya kubainika kuwa mwalimu wao wa shule ya msingi Nakuru aliwafanyia ukatili wa kingono. Mwalimu huyo alikuwa ameachiwa huru kwenye kesi ya jinai. Zaidi ya hapo, mahakama haikumbana yeye peke yake. Serikali na tume inayoajiri walimu nazo ziliwajibishwa.

Uamuzi wa Kenya hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini unajibu swali ambalo kila familia ya Geita inauliza: nani ana pesa ya kulipa?

Mfungwa atalipa na nini?

Ukweli usiopendeza ni kwamba Tanzania haina mfuko wa Serikali wa kuwafidia waathirika wa uhalifu kwa ujumla. Uingereza wanao utaratibu kama huo tangu mwaka 1964. Aliyedhurika anaomba serikalini hata kama mhalifu hana kitu. Hapa kwetu anayelipa ni aliyekutwa na hatia, ambaye yupo gerezani kwa miaka 30.

Lakini kufungwa si lazima kuwe ni kufilisika. Kwenye ukanda wa dhahabu, mtu anaweza kuwa amefungwa huku karasha lake linasaga, ana kiwanja, ana leseni ya uchimbaji mdogo, ana pikipiki tatu za bodaboda. Manusura anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ikaziwe dhidi ya mali. Mahakama haitamtafutia mali hizo. Ni yeye na familia yake wa kuzitaja, na ni vizuri kuziorodhesha mapema kabla hazijahamishiwa kwa ndugu. Kiasi alichokwishalipwa kwa amri ya jinai kitazingatiwa kwenye kesi ya madai, kwa hiyo asitarajie kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile.

Mhusika akiwa mwajiriwa aliyetumia nafasi ya kazi yake, mwajiri naye anaweza kushtakiwa. Kama mwajiri ni Serikali, mfano shule ya umma, lazima itolewe notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kufungua kesi, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Binti mwenye miaka 20 na miezi 10 hana siku 90 za kupoteza.

Vipi ile karatasi ya dole gumba?

Haizuii kesi ya jinai. Usuluhishi unaoruhusiwa mahakamani ni kwa makosa madogo, na kubaka si kosa dogo. Anayepokea mali ili kosa kubwa la jinai lifichwe, naye anaweza kujikuta mshtakiwa.

Kwenye madai, upande wa pili utaitumia karatasi hiyo kudai kuwa "tulishamalizana". Hapo anahitajika wakili. Malalamiko kama haya yamewahi kutokea hata kwa watu wakubwa: kwenye mgodi wa North Mara, mkoani Mara, wanawake waliodai kufanyiwa ukatili wa kingono na walinzi na polisi walipewa fidia kupitia mpango wa kampuni, na mashirika ya haki za binadamu ya nje yakalalamika kuwa walisainishwa kuacha haki ya kushtaki. Usisaini kitu ambacho hujasomewa na mtu wa sheria aliye upande wako.

Msaada unapatikana wapi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, wale ambao wengi wanawaita maparalegal. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini wanaweza kueleza haki zako, kukusaidia kukusanya nyaraka na kukuunganisha na wakili wa msaada. Ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri yako, iwe Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe au Nyang'hwale, ni pa kuanzia kuwaulizia. Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) hutoa msaada wa mawakili, na Kivulini lipo jirani Mwanza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Aprili 2023, nayo imekuwa ikizunguka mikoani na huduma zake ni bure.

Asiyeweza kulipa ada ya mahakama anaweza kuomba kufungua kesi kama mtu asiye na uwezo. Ukifika, anza kwa kutaja tarehe yako ya kuzaliwa, ili anayekuhudumia ajue siku zilizobaki.

Kwa mtoto ambaye ukatili unaendelea sasa hivi, au jirani aliyeuona, namba ya simu kwa mtoto ni 116. Kupiga ni bure. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anayejua haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa.