Dawa Ikishatoka kwa Ng'ombe: Utangulizi

Mfugaji akimchoma ng'ombe sindano ya ivermektini, hesabu yake huishia kwa mnyama: minyoo imekufa, ukurutu umepona. Taaluma tunayomkaribisha msomaji huanzia hapo. Sehemu kubwa ya dawa hiyo haivunjwivunjwi mwilini. Hutoka na mavi, ikiwa bado na nguvu ya kudhuru wadudu kwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Na ndani ya mavi hayo nzi na mbawakawa hutaga mayai.

Wadudu hao ni watumishi wa malisho. Mbawakawa hufukia samadi, huurudishia udongo rutuba na kuwanyima nzi mahali pa kuzaliana. Australia ilijifunza thamani yao kwa gharama: mbawakawa wa huko walizoea mavi makavu ya kangaruu, hayo ya ng'ombe yakarundikana, nzi wakatapakaa. Kuanzia miaka ya 1960, George Bornemissza na wenzake waliagiza mbawakawa wa kigeni, wengi wao kutoka Afrika.

Ivermektini iliingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Mwaka 1987, Wall na Strong wa Bristol, Uingereza, waliripoti kwamba mavi ya ng'ombe waliowekewa tumboni kidonge cha kuachia dawa polepole yalikosa wadudu wa kuyaozesha, yakabaki malishoni. Mjadala ukawaka. Watafiti wengine waliona hali hiyohiyo, wengine hawakuiona, kwa kuwa mvua, joto na namna dawa ilivyotolewa hubadilisha matokeo.

Ugumu wa taaluma hii ni kwamba hasara haionekani kirahisi. Mbawakawa mzima aweza kula mavi yenye dawa akaendelea kuruka. Mabuu wake ndio wanaokufa au kudumaa. Isitoshe, wageni huruka kutoka kwenye makundi ambayo hayakutibiwa na kuziba pengo, malisho yakaonekana yana wadudu tele. Kwa hiyo mtafiti hulinganisha mavi ya ng'ombe waliotibiwa na ya wasiotibiwa, kisha huhesabu watoto waliotoka. Anayehesabu wazazi peke yao hudanganyika.

Kwetu Afrika hesabu hiyo ina uzito wa pekee. Vipimo rasmi vingi vilijengwa juu ya nzi wanaozaa kwa wingi na kwa haraka. Lakini jike wa Kheper nigroaeneus, wa kusini mwa bara hili, hulea mpira mmoja wa mavi wenye yai moja kwa wiki nyingi. Mzazi wa namna hiyo akipoteza mtoto, huenda amepoteza uzazi wa msimu mzima.

Hakuna anayemshauri mfugaji aache kutibu. Minyoo na ndorobo hufukarisha kaya. Yapo mambo ya kuchagua. Levamizoli huua minyoo bila kuwadhuru sana mbawakawa, na moksidektini huwadhuru kidogo kuliko ivermektini. Uganda, vita dhidi ya ndorobo vimetumia dawa za jamii ya pareto kwa kupuliza miguu na tumbo tu, ndorobo wanapopenda kuuma. Gharama hupungua, na dawa inayofika kwenye mavi hupungua pia. Dawa ipi, ng'ombe yupi, msimu gani: msomaji akiyapima maswali haya matatu pamoja, ameshaingia katika kazi yenyewe.