Kitanzi katika Mtandao: Jambo la Kuuliza Kabla ya Kununua Swichi

Tuchukue mfano wa ofisi ndogo yenye kompyuta kumi na swichi mbili, yaani vile visanduku vyenye matundu vinavyounganisha nyaya za mtandao. Jioni mtu anayefanya usafi anakuta waya umelala sakafuni na, kwa nia njema kabisa, anauchomeka katika tundu tupu. Asubuhi hakuna kinachofanya kazi. Taa za swichi zinametameta pasipo kukoma, na kila mtu anailaumu kampuni ya intaneti, ambayo safari hii haina kosa.

Kilichotokea ni kitanzi. Swichi zimeunganishwa kwa njia ya pili. Ujumbe unaokusudiwa kuvifikia vifaa vyote hutolewa na kila swichi katika matundu yake yote, isipokuwa lile ulimoingilia. Palipo na kitanzi hurudi, ukatolewa tena, ukarudi tena, kwa kuwa haubebi alama yoyote ya kuuzuia kuzunguka. Punde mtandao hujaa nakala za ujumbe uleule.

Hata hivyo, njia ya pili ina faida yake: waya mmoja ukikatika, wa pili huokoa kazi. Linalotakiwa ni vifaa vyenyewe kukubaliana njia zipi zitumike na zipi zipumzike. Umbo linalofikia kila mahali bila kitanzi wanahisabati huliita mti. Mwaka 1926 Otakar Borůvka, akishughulikia mpango wa nyaya za umeme huko Moravia, alieleza namna ya kupata mti wa gharama ndogo kuliko yote: kila mji uungwe na jirani wa gharama ndogo kabisa, kisha makundi yaungane vivyo hivyo mpaka libaki moja. Mwaka 1983 Gallager, Humblet na Spira walionyesha jinsi vifaa vyenyewe vinavyoweza kuifanya kazi hiyo kwa kupelekeana ujumbe, kila kimoja kikizijua nyaya zake tu, pasipo msimamizi mwenye ramani nzima.

Swichi hutumia kanuni iliyo nyepesi zaidi, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985. Swichi yenye namba ndogo kabisa ya utambulisho huwa shina. Nyingine hutafuta njia ya gharama ndogo ya kulifikia, na njia za ziada hufungwa. Mti huo si lazima uwe wa gharama ndogo kuliko yote, lakini kwa ofisi watosha. Waya ukikatika, njia iliyofungwa hufunguliwa: kwa kanuni ya awali yaweza kuchukua sekunde 30 hadi 50, kwa ile iliyoboreshwa sekunde chache.

Swichi nyingi za bei nafuu hazina kanuni hii, wala muuzaji hajakudanganya asipodai kwamba ipo. Tunashauri mnunuzi atazame kwenye kasha kama pameandikwa STP au, bora zaidi, RSTP. Tena aulize kama imewashwa tangu kiwandani, maana baadhi huuzwa ikiwa imezimwa. Mwenye swichi moja nyumbani, kwa maoni yetu, hana haja ya kulipia zaidi. Aangalie tu asichomeke ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi hiyo.

Na ikiwa ofisi yako imekwama leo, chomoa nyaya moja baada ya nyingine, ukingoja kidogo kila mara. Taa zikitulia, waya uliochomoa mwisho ni sehemu ya kitanzi.